Paashe Hatajiwi Bei

Karatu,
19 Februari 2004

Mpendwa mwanangu Inosenti,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini umeitikia "milele amina" hata kama uko peke yako na hizo kompyuta zako. Najua utasema Shangazi angepiga simu. Simu inakula vocha, na maneno yangu unayajua urefu wake.

Huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto. Lilikuwa linatabiri mvua kuliko redio, sasa limenyamaza, maana mvua yenyewe haipo. Maharage ya kule Baray yalitoa maua yakaishia hapo hapo. Baba yako mkubwa Lazaro amepona kifua, anauliza utaoa lini. Mimi sikuulizi, nakuombea tu. Msalimie rafiki yako Brian. Ile picha ya faru aliyonipa bado imetundikwa mgahawani, na madereva wanagombea kukaa chini yake.

Yule ng'ombe mwekundu amekufa Jumatatu. Alilala, asubuhi hakuinuka. Ndiye alikuwa wa mwisho katika uzao wa mtamba wa Ngoitiko. Nililia kama mjinga, mwanangu. Niliona kama Patrisi wangu amefariki mara ya pili.

Wewe ulikuwa mdogo, ngoja nikukumbushe. Marehemu mume wangu Patrisi, alipokuwa anaendesha magari ya watalii, kila akishuka Olbalbal aliwapelekea watu wa boma la Ngoitiko maji kwenye madumu. Hakuna aliyemtuma. Mwaka mmoja Ngoitiko akatokea hapa Karatu anaswaga mtamba, akasema, "Huyu ni wako." Tangu siku hiyo hawakuitana tena kwa majina. Ikawa Paashe na Paashe. Ndivyo Wamasai walivyo: mkipeana mtamba, jina hilo la mtamba linakuwa lenu nyote wawili. Kwenye msiba wa Patrisi nilidhani jina linazikwa naye. Ngoitiko akasimama mbele yangu pale kaburini akaniita mimi: "Paashe, pole." Sijasahau.

Sasa sababu ya barua. Mnada wa tarehe saba Ngoitiko alikuja mgahawani. Akakaa, akaegemeza fimbo ukutani, akasema, "Paashe, nasikia mtoto wa kaka yako anajenga zile nyumba ambazo Mzungu anaingia akiwa kwao."

Nikasema, "Zinaitwa websaiti."

"Hizo hizo. Magari yanapita mbele ya boma langu kama yanafukuzwa. Dereva ndiye anayechagua asimame wapi. Mimi nataka mgeni afike akiwa ameshalijua jina langu. Ni kiasi gani?"

Nikamwambia, "Paashe, kunywa chai, itapoa."

Akauliza tena. Nikamwongezea maziwa. Akauliza mara ya tatu, nikamwambia tutaona, sisi si watu baki. Ningesemaje, Inosenti? Paashe hatajiwi bei. Ni sawa na kumwomba mkwe nauli.

Kwa hiyo niandikie wewe ni kiasi gani, nijue mimi, halafu nitatafuta namna. Na ukumbuke watu wanatutazama. Hata Elieshi, yule Mmachame mwenye gesti, ananiambia, "Mama Marsela, anza wewe, tukiona inasimama na sisi tunakuja."

Mungu akulinde.
Shangazi yako,
Marsela


Arusha,
8 Machi 2004

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imenikuta mzima. Hapa kazi zipo, umeme ndiyo unakwenda na kurudi kama mgeni asiye na adabu. Pole sana kwa ng'ombe. Namkumbuka mama yake, yule aliyekuwa anakula nguo kwenye kamba. Baba Mkubwa mwambie nikioa atakuwa wa kwanza kujua, nyuma ya bibi harusi.

Umeniuliza bei. Shangazi, sijui, na sikufichi. Wewe ukiombwa kupikia harusi, mtu akasimama mlangoni akasema "ni kiasi gani?", utamjibu nini? Utauliza watu wangapi, pilau au ugali, kuni za nani, nyama inakuja imechinjwa au inakuja inatembea. Na mimi ni hivyo hivyo. Picha atapiga nani? Watakaopigwa wamekubali? Maneno yataandikwa kwa Kiingereza tu, au na Kijerumani?

Lakini swali kubwa ni hili: nani atajibu? Mgeni akiandika leo kutoka kwao anataka jibu kesho. Akikaa wiki moja bila jibu, ameshalipia kwa mwingine. Olbalbal hakuna umeme na simu haishiki. Nikiijenga bila mtu wa kujibu, nitakuwa nimemwekea mzee mlango usiofunguka.

Tena gharama haziishi siku ya kujenga. Lile jina ambalo wageni wataliandika kwenye kompyuta halinunuliwi, linakodishwa. Na kuna kompyuta kubwa huko mbali inayotunza kila kitu, haizimwi usiku wala mchana, nayo ina kodi yake. Mwaka ukiisha unalipa tena, la sivyo inatoweka. Hili watu hawaelewi. Wanadhani wamejenga, basi. Halafu inatoweka, na anayelaumiwa ni fundi.

Kwa hiyo nakuomba, mwambie mzee yote haya kabla sijagusa chochote. Usimwambie "tutaona". Neno hilo, Shangazi, limeshavunja watu.

Asipojua, sianzi.

Mwanao,
Inosenti


Karatu,
29 Machi 2004

Mwanangu Inosenti,

Amani ya Bwana iwe nawe katika siku hizi za Kwaresima. Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, nikaiweka chini ya sinia. Mara ya pili nilikuwa nimetoka Njia ya Msalaba, nikaona una akili. Lakini "sianzi" ni neno la kumwandikia shangazi yako?

Mvua imeanza juzi. Selestina wa kwa Lazaro amejifungua salama, mtoto wa kiume, ana kelele kama mashine ya kusaga. Bandani tumeongeza ng'ombe mmoja, mtulivu, anakula vizuri. Goti limerudi kazini.

Maswali yako nimeyafanyia kazi. Picha: Ngoitiko amesema akina mama wapigwe, wanapenda, na vijana wakicheza pia. Zizi lote na ng'ombe wake, hapana. Anasema kupiga picha zizi zima ni kuhesabu, na kuhesabu kunaita macho ya watu. Lugha, Kiingereza kinatosha. Wa kujibu nitakuwa mimi. Intaneti kafe iko karibu na posta, na binti wa pale, Jackline, atanisomea Kiingereza. Nitakwenda kila siku baada ya kufunga mgahawa.

Bei bado sijamwambia. Ni Kwaresima, nafunga, sipendi kuingiza habari za fedha katika siku takatifu. Wewe anza tu, mambo mengine yatajipanga. Mungu hashindwi.

Umesahau kunijibu kuhusu Brian. Je, salamu zilifika?

Shangazi yako,
Marsela


Arusha,
14 Aprili 2004

Shikamoo Shangazi,

Heri ya Pasaka. Mpe hongera Selestina.

Ng'ombe gani ameongezeka bandani?

Inosenti


Karatu,
30 Mei 2004

Mwanangu Inosenti,

Leo ni Pentekoste. Nimetoka kanisani nikakaa hapa mezani hata kabla ya kuvua viatu, maana nikivivua nitapata kisingizio kingine. Mwezi mzima nimekuwa nikisema nitakujibu baada ya palizi, kisha baada ya ubatizo wa mtoto wa Selestina. Palizi imekwisha, na mtoto anaitwa Piusi, kama marehemu babu yenu.

Ni mtamba. Mnada wa tarehe ishirini na tano Machi, Sakaya, mwana wa Ngoitiko, alimleta hadi mlangoni. Mwekundu, kipaji cheupe usoni. Sakaya alisema, "Baba amesema huyu ni wako." Hakuongeza neno, na mimi sikumwuliza. Nilimpa chai, nikampeleka mtamba bandani.

Unaelewa sasa? Nilikataa kutaja bei, basi mzee akaja na yake. Ameshalipa. Nami nimepokea, na hakuna kilichojengwa. Na wewe unaniambia kila mwaka kuna kulipa tena. Je, mwakani alete mtamba mwingine? Na mwaka wa tatu? Nitakuwa nimemmaliza mtu zizi lake kwa sababu ya chai na aibu.

Nimefikiria kumrudisha. Lakini nikimrudisha mtamba, nimerudisha na jina. Miaka kumi na saba, Inosenti. Huyu mzee alipokuja kumzika Patrisi alitembea kutoka Olbalbal hadi geti la hifadhi, basi lilikuwa limekwama kwenye tope. Siwezi kumkuta mnadani akaniita "mama" kama anavyowaita wauza nyanya.

Watu wameshaanza. Elieshi ananiuliza kila asubuhi, "Mama Marsela, ile websaiti ya mtamba inaendeleaje?" Na wiki iliyopita Sakaya alipita na wenzake, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya mgahawa mzima kusikia, "Mama, ile nyumba ya kwenye kompyuta bado haijaezekwa? Au mafundi wanangoja mtamba azae?" Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria, nikabaki nimelishika.

Nakuomba kama mtu aliyekubeba mgongoni. Ijenge bure. Kodi ya mwaka nitailipa mimi kimya kimya, yeye asijue. Ndiyo njia pekee niliyoiona.

Nakuombea kwa Roho Mtakatifu, nawe niombee.

Marsela


Arusha,
20 Juni 2004

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzima wa mwili. Barua yako nimetembea nayo mfukoni wiki nzima.

Umeniuliza juu ya Brian tangu Februari. Nitakujibu leo. Hatusalimiani. Mwaka juzi alianzisha kampuni yake ya safari za watalii, nikamjengea tovuti. Tulikuwa tumekula sahani moja tangu shule, nikaona haya kutaja chochote. Naye akaona haya kuuliza. Akanipa viatu, mara akanilipia kodi ya chumba, na kila mmoja akawa anahesabu moyoni mwake kwa namna yake. Mwaka ukaisha, kodi ya jina haikulipwa. Mimi nilidhani anajua, yeye alidhani ni yangu. Ikatoweka mwezi wa saba, wageni ndio wanaanza kuja. Akaamini nimeizima makusudi kwa sababu hajanilipa. Nilimweleza. Akasema, "Mbona hukuniambia siku ya kwanza?" Sasa Jumapili tunakaa pande mbili za kanisa.

Ndiyo maana nilikuandikia "sianzi". Lilikuwa neno baya, nisamehe. Lakini bure sijengi, Shangazi. Na wewe kulipa kimya kimya ndiyo kabisa hapana. Siku ukiugua, au ukikosa, ile nyumba itaanguka, na mzee hatajua hata kwamba ulikuwa umeibeba. Kumficha bei si kumheshimu. Ni kumshika mkono gizani wakati taa unayo.

Kwa yale uliyonieleza, kazi ni ndogo: ukurasa mmoja, picha sita, maneno ya Kiingereza niandike mimi. Gharama ya kujenga, ukiitafsiri kwa mnada wa Karatu, ni fahali wawili wasiokonda. Ya kila mwaka, kondoo dume mmoja mkubwa. Lakini iliyo ghali kuliko zote ni ya kujibu. Hiyo ni saa yako ya kila jioni, na goti lako. Hiyo nayo mtajie. Usiiache.

Nilifikiri nije mwenyewe. Kisha nikaona nikienda mimi itakuwa kijana wa mjini anamwuzia mzee kitu. Anayeitwa Paashe ni wewe.

Mwanao anayekupenda,
Inosenti


Karatu,
26 Julai 2004

Mwanangu Inosenti,

Tumsifu Yesu Kristo, na leo umwitikie kwa sauti.

Wote wazima. Maharage ya msimu huu yamekuja kiasi. Lazaro amenunua koti la mitumba, anatembea nalo hata juani. Sasa kaa chini.

Siku tatu baada ya mnada wa tarehe saba nilipanda basi la Loliondo. Juu kule ukingoni mwa kreta ukungu ulikuwa mzito, kondakta akawa anatoa kichwa dirishani kumwonyesha dereva barabara. Nilisali rozari, matendo ya uchungu, nikayarudia. Tulipoanza kushuka Olbalbal ukungu ukaisha likaja vumbi, na mimi sala zikaniishia.

Ngoitiko alikuwa nje ya boma. "Takwenya, Paashe." Nikaitika, "Iko." Akanipeleka kwa mke wake mkubwa, tukapewa maziwa. Nilijaribu kuanza nikiwa nimekaa, maneno hayakutoka. Nikasimama, kichwa kikagonga dari, nikasema nikiwa nimeinama hivyo hivyo.

Nilisema yote, Inosenti. Fahali wawili. Kondoo wa kila mwaka. Kujibu kila siku. Mzee alitazama moto. Mama ndiye aliyeuliza, "Huyo kondoo wa kila mwaka ni wa nini? Si wameshajenga?"

Nikamwambia, "Mama, nyumba yako hii, mvua ikinyesha unafanyaje?"

"Naikandika kwa mavi ya ng'ombe."

"Usipoikandika?"

"Inavuja. Na mzee huyu anahamia kwa mke mwenzangu."

Tulicheka hadi nikakaa. Hata Ngoitiko alicheka puani. Nikasema ndivyo ilivyo hiyo ya kompyuta, isipokandikwa inavuja. Mama akasema, "Basi sasa nimeelewa. Sema nani wa kukandika." Nikasema mimi. Akanitazama goti, nilikuwa nimelinyoosha mbele yangu.

Ningeishia hapo. Lakini moyo ulikuwa umefunguka, nikaona nimalize. Nikasema, "Na yule mtamba uliyemleta, Paashe, sikujua nimhesabu vipi. Ni wa kujenga au ni wa mwaka?"

Mzee aliacha kucheka. "Mtamba gani?"

"Aliyemleta Sakaya."

Akasema pole pole, "Madereva waliniambia ng'ombe wa Patrisi amekufa. Nikaona jina limebaki, ng'ombe hayupo. Nikaleta ng'ombe." Kisha akaniangalia. "Wewe ulifikiri nimenunua?"

Mwanangu, ningekuwa na pa kujificha ningejificha. Miezi minne nimemwogopa mnyama bandani mwangu, nimemlisha kama deni, kumbe ni jina langu nalilisha. Niliomba radhi. Alinyanyuka, akachukua fimbo, akaenda kwa ng'ombe wake. Hakurudi. Hakunisindikiza barabarani, jambo ambalo hajawahi kuliacha tangu enzi za Patrisi. Alimtuma Sakaya. Tulitembea, na yule kijana mwenye mdomo mwingi hakunitania hata mara moja. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Wiki mbili sikulala vizuri. Nilitaka kukuandikia, nikasema niandike nini? Kwamba nilinyamaza pa kusema, na niliposema nikatukana?

Mnada wa jana ulikuwa Jumapili. Nilikwenda misa ya kwanza nikarudi kufungua mgahawa. Saa sita hivi nikaona fimbo inaegemezwa ukutani. Sikugeuka. Nikamimina chai, nikaiweka mezani. Alikunywa yote. Kisha akatoka uani, akasimama bandani anamtazama mtamba, akamshika nundu, akamshika ubavu. Nikamfuata.

"Anakula," akasema.

"Anakula, mzee." Sikuthubutu kumwita lile jina.

Akaendelea kumpapasa. Kisha akasema, macho kwa ng'ombe, "Ile bei ya kijana. Ni kubwa."

Nikaokota jani nikampa mtamba.

"Fahali wawili wasiokonda, mwaka huu? Yeye amewaona wapi wasiokonda? Mwambie apunguze."

Inosenti, nilishika nguzo ya banda nikacheka hadi machozi yakatoka. Mtu aliyekasirika haombi apunguziwe bei. Huondoka. Huyu alikuwa anapatana! Nikamwambia, "Hapunguzi, kichwa chake kigumu." Akasema, "Fahali mmoja na mbuzi watatu." Nikasema, "Fahali mmoja na mbuzi sita." Tukabaki pale tukivutana kama tuko mnadani, na mtamba katikati yetu anacheua, hahusiki. Tumeishia fahali mmoja na mbuzi watano. Ukiona nimekuuza, pole, andika.

Halafu akasema kujibu hataki nijibu mimi. Sakaya alisoma mpaka darasa la saba, atashuka na basi kila Jumatatu na Alhamisi, Jackline atamfundisha. "Wewe una goti," akasema. "Anayekandika nyumba na awe anayeishi ndani." Najua ulisema mgeni anataka jibu kesho yake. Nimemwambia. Amesema iandikwe hapo mbele kabisa kwamba boma hili linajibu siku mbili kwa wiki, mwenye haraka apite kwa wengine. Uandike hivyo.

Nimemsindikiza mpaka kwenye lori. Amepanda nyuma na wenzake, lori likaondoka, mimi nikageuka kurudi. Nikamsikia anapaza sauti, barabara nzima ikasikia, na Elieshi kwenye mlango wa gesti yake akasikia:

"Paashe! Lakini asipunguze mpaka ikavuja!"

Shangazi yako,
Marsela